Ndani ya Jinari Hakuna Mkwe

Mkinitembelea hapa Bariadi, vijana wangu, mtanikuta kibarazani na vidole vyangu kumi, vyote vinakunjika, na mtaambiwa kwamba mzee huyu amefanya kazi kwenye mashine za pamba tangu ndevu hazijamwota. Mtataka kunisifu. Ngojeni kwanza. Vidole hivi nimebaki navyo kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyenikosea adabu mchana kweupe, na kabla yake kuna mwanamume aliyepoteza vitatu vya kwake kwa kuniiga mimi. Halafu mimi huyuhuyu nikachukua kalamu nikamwandikia neno lililomfukuza kazi. Neno lenyewe lilikuwa "uzembe". Nitawaeleza lilivyoandikwa na lilivyofutwa, maana ninyi mnaoanza usimamizi huko viwandani mtakuja kushikishwa kalamu hiyohiyo.

Kwa asiyejua, jinari ni mahali pamba ya mkulima inapotenganishwa na mbegu zake. Ndani ya mashine kuna rola iliyovikwa ngozi inayovuta nyuzi, na mbele yake kuna kisu kinachopanda na kushuka, kinazigonga mbegu zianguke chini. Nyuzi zinakwenda kwenye presi, zinabanwa mpaka zinakuwa robota. Mashine zimepangwa safu, kila moja na mkanda wake unaozungushwa na shafti moja ndefu. Kelele zake usiniulize. Ukirudi nyumbani mkeo anakuita mara tatu, na ya nne anakuja kukutikisa bega.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Ng'wandu, kule Maswa, enzi zile pamba yote ikinunuliwa na ushirika. Siku ya kwanza alinifunga kitambaa machoni, akanisimamisha katikati ya safu, akaniuliza sikioni, "Unasikia nini?"

Nikamjibu, "Kelele."

"Nenda nyumbani, urudi kesho."

Nilidhani nimeshafukuzwa. Kesho yake akanifunga tena, na keshokutwa. Baada ya wiki nikaanza kusikia mambo. Mkanda uliolegea unapiga makofi. Rola iliyokazwa kupita kiasi haipigi kelele, inanuka, na ukisubiri kelele umechelewa. Pamba yenye maji inapita kwa mguno. Hayo yote alinifundisha kabla hajaniruhusu kugusa hata msumari, na alikuwa na usemi wake mmoja aliokuwa akiurudia kila asubuhi: "Mashine haijui shikamoo. Uwe mzee, uwe kijana, inakuchukua ulivyo." Tulikuwa tunacheka. Tulidhani ni maneno ya mzee tu.

Wakati ule pamba ilikuja safi. Karani wa ushirika alitenga pamba safi upande wake na pamba fifi upande wake, na mkulima aliyeleta uchafu alirudishwa na gunia lake mbele ya majirani. Kisha soko likafunguliwa. Tukaambiwa ni biashara huria, kila mwenye mizani na anunue. Wanunuzi wakaja wengi, kila mmoja akiwa na haraka kuliko mwenzake, na hakuna aliyekuwa na muda wa kukagua gunia. Basi wakulima nao wakajifunza. Mmoja akatia mchanga kidogo, mwingine akanyunyizia maji, mwingine akatumbukiza jiwe la ukubwa wa ngumi katikati ya gunia ili uzito upande. Msiwalaumu wao peke yao, kwani mizani za baadhi ya wanunuzi nazo zilikuwa na miujiza yake.

Miaka hiyo nilihamia jinari moja ya mtu binafsi nje kidogo ya mji wa Bariadi, wakati huo bado tukihesabiwa mkoa wa Shinyanga. Sitaitaja, na mwenyewe alishaiuza. Nilipewa usimamizi wa zamu. Kila gunia lililoingia pale lilikuja na mawe yake, na jiwe likiingia kati ya rola na kisu, mashine inalia ka-ka-ka, ngozi inachanika, na likigonga chuma vizuri linatoa cheche. Pamba na cheche, hilo nadhani halihitaji maelezo.

Utaratibu unajulikana: toa mkanda kwenye puli kwa ule mti wa kusukumia ulioegemezwa kando, mashine isimame, toa jiwe, rudisha mkanda. Lakini meneja alikuwa anataka marobota, wenye malori walikuwa wanapiga honi getini, na kila jiwe lilikula dakika. Mimi nikagundua kwamba kisu kikipanda kuna nafasi ndogo, ya kupepesa jicho, ambapo mwenye mkono mwepesi anaweza kuingiza vidole viwili akalichomoa jiwe bila kusimamisha chochote. Nikafanya mara ya kwanza, watu wakapiga vigelegele. Nikafanya tena. Wakanipa jina, Mkono wa Paka. Wageni wakija kutembelea, meneja mwenyewe alikuwa ananiita, "Fundi, hebu waoneshe." Nami nilionesha, kichwa kimevimba.

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote afanye vile. Hilo ndilo nililokuwa najitetea nalo baadaye. Tena ukutani palikuwa na tangazo, maandishi mekundu, kwamba ni marufuku kuingiza mkono mashine ikizunguka. Mimi ndiye niliyelibandika. Nililibandika kwa mkono uleule.

Shija alikuwa mtu wa Shishiyu, kule Maswa, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, mpole, hachelewi, hanywi. Alisimamia mashine ya tatu. Siku hiyo jiwe lilipolia, nilimwona anaangalia kisu, anapima kinavyopanda. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilijua anachotaka kufanya. Na badala ya kupiga kelele, vijana wangu, nilitabasamu. Niliona fahari kwamba mwanafunzi wangu ameanza kuiva. Wenzake wa mashine ya pili na ya nne nao waliona, wakanitazama mimi, wakaona ninatabasamu, wakarudi kwenye kazi zao. Sauti aliyoitoa Shija bado ninayo.

Baada ya hospitali ikaja fomu ya ajali. Kuna mahali pameandikwa "Chanzo", halafu mstari mmoja. Meneja akaniambia, "Andika kifupi tu, Fundi, wasije wakatusumbua." Nikaandika: Uzembe wa mfanyakazi. Shija hakusoma sana. Akaletwa ofisini aweke dole gumba, na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kiwiko, akaweka la kushoto.

"Umeandika nini, Fundi?" akaniuliza.

"Nimeandika ilivyotokea."

"Wabeja, Fundi."

Alinishukuru. Kwa karatasi ile akaachishwa kazi, maana mzembe hakai kwenye mashine, akarudi Shishiyu. Mimi nikaendelea kuitwa Mkono wa Paka, ingawa vigelegele vilipungua.

Msimu uliofuata ndipo alipokuja Holo. Huyu ni mke wa mwanangu mkubwa, na alipata kibarua pale jinarini pamoja na akina mama wengine waliokaa kwenye jukwaa juu ya mashine, wakichagua mawe na majani kabla pamba haijashuka. Sasa ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu, mnapiga nao picha. Kwetu wakati ule mkamwana hamtaji baba mkwe wake jina, hamtazami usoni, na akikutana naye njiani anapisha majanini. Nyumbani Holo akitaka kuniambia ng'ombe wametoka zizini, alikuwa anauambia mlango: "Sijui kama kuna mtu amewaona ng'ombe." Nami nilikuwa naujibu mlango. Tuliishi vizuri sana kwa njia hiyo. Jinarini tukaendelea hivyohivyo, yeye juu, mimi chini, kila mmoja kama hamjui mwenzake.

Ikawa mchana mmoja, meneja amenipa koti jipya la kazi, mikono mirefu, mipana, limenipendeza. Jiwe likalia kwenye mashine ya kwanza, chini kabisa ya jukwaa la akina mama. Nikasogea. Nikatazama kisu. Nikaingiza vidole.

Holo aliona kutoka juu kitu ambacho mimi sikukiona: upindo wa koti umeshikwa na rola, unavutwa polepole. Na hapa ndipo mtashangaa jinsi adabu inavyoweza kuua mtu. Hakuniita. Hakuweza. Alimgeukia mama aliyekaa karibu naye akamwambia, "Mwambie baba, mkono wa koti." Yule mama naye alikuwa na sababu zake za kuniheshimu, akamwambia wa tatu. Wa tatu akapaza sauti, "Fundi, kuna ujumbe wako huku!" Nikainua mkono wa kushoto kuwaashiria wangoje. Ujumbe umepita midomo mitatu, na mimi nawaambia wangoje.

Nikahisi koti linanivuta. Nikavuta, likanivuta zaidi. Ndipo nikasikia kishindo, mtu ameruka kutoka jukwaani, akanyakua ule mti, akasukuma mkanda nje ya puli, na juu ya kelele zote zile nikasikia sauti ya mwanamke ikiniita kwa jina langu nililopewa na baba yangu.

"Maduhu, leka!"

Leka ni acha, kwa Kisukuma. Mama anamwambia hivyo mtoto anayechezea moto. Rola ikazunguka kidogo kwa nguvu iliyobaki, ikasimama. Koti lilikuwa limetafunwa mpaka kiwiko. Nikachomoa mkono, nikahesabu vidole. Nikahesabu tena, nikianzia upande wa pili.

Nilipoinua kichwa, hakuna aliyekuwa anatazama mkono wangu. Jinari nzima ilikuwa inamtazama Holo. Ameziba mdomo kwa viganja viwili. Akapiga magoti hapohapo kwenye pamba, "Nisamehe baba, nisamehe baba," akainuka, akakimbia nje, na sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile bila kufukuzwa. Nami nitawaambia ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Nimetajwa jina, mbele ya vibarua! Hasira ilidumu kama pumzi tatu. Halafu nikaketi juu ya robota, nikavihesabu vidole mara ya tatu.

Habari zilinitangulia nyumbani. Mke wangu alinipokea mlangoni.

"Ni kweli amekutaja?"

"Amenitaja."

"Mbele ya wanaume?"

"Na wenye malori pia."

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshafika, ameketi, ameshaamua. Kwa desturi, mkamwana akimtaja mkwe wake kwa kelele vile, kwao wanatoa mbuzi wa kuomba radhi, na wasipotoa anarudishwa. Holo alikuwa ndani anafunga nguo zake kwenye kanga. Sikuwa na maneno mengi. Nikavua koti, nikampa mke wangu. Akalishika, akaingiza mkono kwenye ule mkono wa koti, vidole vyake vikatokeza kwenye matambara. Akavitazama vidole vyake mwenyewe.

"Mbuzi anatoka kwangu," nikasema. "Mwenye kosa ni mimi. Yeye apewe."

Kaka alisema tangu azaliwe hajaona mkwe analipa mbuzi kwa kutajwa jina, na kwamba nimeharibu nchi. Lakini mbuzi alipochinjwa, paja alikula yeye.

Siku zile nilimfikiria Shija mpaka nikachoka. Nilijiuliza hivi: kama Holo angekuwa na adabu, mkono wangu ungekwenda. Na kwenye ule mstari wa "Chanzo" wangeandika nini? Kwangu wangeandika "bahati mbaya", kwa kuwa mimi ni msimamizi na ninajua kusoma. Kosa ni lilelile, mashine ni ileile, ila mwenzangu amekuwa mzembe na mimi ningekuwa mwenye mkosi. Niliona aibu, vijana. Sijui neno jingine la kuliita jambo lile.

Nikaenda kwa meneja na koti langu. Huyu alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye shati jeupe na tai kila siku ya Mungu, kwenye vumbi lile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa bosi wake kama mimi nilivyokuwa nikimwogopa yeye.

"Nataka ile fomu ya Shija," nikamwambia. "Nimeandika uongo."

"Mzee Maduhu, fomu ikishaingia kwenye faili haibadilishwi."

"Basi nipe nyingine tupu."

"Ya nini? Mbona hujaumia?"

"Nataka kuandika ajali ambayo haikutokea."

Akacheka, akanipa. Nikaandika pale pale mbele yake, kwa herufi kubwa. Chanzo: Msimamizi wa zamu kuingiza mkono mashine ikizunguka, na kuwazoesha wenzake hivyo kwa kufanya mbele yao na kusifiwa. Chini yake nikaongeza: Hiki ndicho chanzo cha ajali ya Shija pia. Msimamizi alikuwepo, aliona, hakuzuia. Nikasaini.

Aliisoma, kicheko kikaondoka. "Unajua kwamba hapa umejifukuza kazi?"

"Najua."

Nilisema kwa ujasiri, lakini moyoni nilikuwa nahesabu ada. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Akaniambia niende, atanipa jibu.

Kesho yake alishuka mwenyewe jinarini, jambo ambalo hakuwa akilifanya ila kuwe na wageni. Akataka aoneshwe mahali penyewe. Nikamwonesha. Akainama karibu na mashine, inazunguka, akichungulia kisu, na tai inaning'inia mbele yake. Holo alikuwa amerudi kazini siku ileile. Nikasikia kutoka juu:

"Meneja, tai!"

Aliruka nyuma mpaka akamkanyaga karani. Akaishika tai yake, akaitazama, akaitazama mashine. Kisha akaifungua shingoni taratibu, akatafuta pa kuiweka, akaitundika kwenye msumari uliokuwa mlangoni. Akapandisha macho jukwaani, akasema, "Asante, dada." Watu wote waliona. Nawaambia, mafunzo yote ya usalama niliyokuja kuhudhuria baadaye, ya makaratasi na soda, hayakufikia nguvu ya tai ile kwenye msumari ule. Kuanzia siku hiyo kila mgeni alivua tai, kilemba au mtandio akatundika pale, na kama bosi mwenye mali amekuja, alitundika na yeye.

Mchana aliniita ofisini. "Mwite huyo Shija," akasema. "Na wewe utabaki, lakini ule mchezo wako umekwisha." Akagonga muhuri kwenye karatasi yangu. Nilitoka nikasimama nyuma ya ghala la mbegu, nikacheka peke yangu kama mwehu, kwa jinsi nilivyopumua.

Basi tukaanza utaratibu mpya, na huu ndio ningependa muuchukue. Salamu tulizimaliza getini. Pale getini tulisalimiana kwa kirefu, shikamoo zote, ng'wangaluka zote, ng'ombe na watoto na wagonjwa wote wakaulizwa. Kengele ikilia, tukiingia ndani, hakuna baba, hakuna mkwe, hakuna meneja. Kuna majina tu, na kuna "leka". Yeyote akisema leka, mkono unatoka kwanza, maswali baadaye. Na aliyezuiwa anajibu neno moja, wabeja.

Msidhani ilikuwa rahisi. Ilibidi tufanye mazoezi. Niliwapanga uani nikasema kila mmoja aniite jina langu kwa nguvu. Akina mama waliniita kwa sauti ya mtu anayesali kimoyomoyo. Mmoja alifumba macho ndipo akaweza. Mzee mmoja wa presi alinijia juu, "Unawafundisha wake zetu utovu wa adabu!" Nikamwuliza anapenda mke wake awe na adabu au awe na mume mwenye mikono. Akasema atafikiria. Siku ya tatu walikuwa wanapaza jina langu mpaka jirani zetu wenye mashine ya kusaga wakatuma mtu kuuliza kuna nini.

Na sikilizeni hili, wasimamizi. Wiki ile ya kwanza kibarua mmoja alisema leka, mashine ikasimamishwa, kuangalia, hakuna kitu. Aliona kivuli. Watu wakanitazama. Mdomo wangu ulikuwa umejaa matusi, na malori yalikuwa yanapiga honi. Nikayameza, nikasema, "Wabeja." Ukimkaripia anayekosea kukuzuia mara ya kwanza, ya pili atakuacha ukatike. Ningemfokea siku ile, utaratibu wote ungefia hapo.

Msimu huohuo mama mmoja wa Migato, mgeni kabisa kazini, alipita karibu na robota moja akasimama. Akasema leka. Anasema robota lina joto. Niliweka nyuma ya kiganja, kwa sababu kiganja chenyewe kimekomaa hakisikii, na kweli palikuwa na uvuguvugu mdogo sana. Cheche ya jiwe ilikuwa imefungwa ndani. Pamba iliyobanwa haiwaki haraka, inakula moyo wake taratibu siku kadhaa. Tukalitoa nje, mbali, peke yake, tukaweka mlinzi. Siku ya tatu likatoa moshi. Lingekuwa ghalani, tungezika watu.

Ajali ndogo ziliendelea, kujikwaa, kukwaruzwa. Lakini mpaka ninaaga kazi, hakuna mkono mwingine uliokatwa kwenye zamu yangu. Nikiamka asubuhi nikikumbuka hilo, ninashukuru kabla hata ya kunawa uso.

Safari ya Shishiyu nimeiruka makusudi, nimalizie nayo. Meneja alitaka kutuma barua. Nikasema barua iliyomwondoa niliiandika mimi, nitakayomrudisha nayo nitaipeleka mwenyewe. Nikapanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu hadi Maswa, nikafika kwa Shija siku ya pili, jua limesimama. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Mkewe alileta kigoda, kisha birika la chai ambalo hakuna aliyeligusa.

Nikawaambia nimekuja kusoma karatasi, na kwamba nafasi ya Shija kazini inamngoja. Nikasoma yote, kuanzia jina langu hadi muhuri. Nilipofika pale pa "msimamizi alikuwepo, aliona, hakuzuia," nikarudi nyuma, nikaanza sentensi upya.

Mkewe ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo hakuwa amelewa?"

"Hakuwa amelewa. Nani alisema amelewa?"

"Watu. Walisema mpaka waandike uzembe, lazima alikuwa amelewa. Kaka zangu walikuja kunichukua."

"Hakuwa amelewa, shemeji."

"Wala hakulala kwenye mashine?"

"Alikuwa macho kuliko mimi."

Akainuka, akaenda kwenye uzio, akaanza kuita majirani kwa majina, mmoja mmoja, waje. Wakaja, wanawake na unga mikononi, mzee mmoja na fimbo yake, na baba mkwe wa Shija, ambaye nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa hajakanyaga ua ule tangu ajali. Wakasimama.

"Soma tena," mkewe akaniambia. "Soma kwa sauti."

Nikasoma tena. Yule mzee wa fimbo akasema hakusikia vizuri jina la aliyekosea. Nikamwambia ni langu. Akataka nisome na yeye asikie. Nikaanza mara ya tatu. Shija muda wote huo alikuwa ameinamia mahindi yake, hajainua uso, na hindi moja tu lilikuwa mkononi mwake, halipungui. Nilipokuwa katikati akainua mkono.

"Inatosha, Fundi," akasema. "Chai inapoa."

Mkewe akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaingia ndani kuiweka sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Nilikunywa vikombe vitatu.